Nyota za Pembeni na Nanga Isiyoonekana

Usiku wa mwezi wa Oktoba, ukitazama upande wa kusini kutoka pwani yetu, unaliona eneo la anga liitwalo Tucana. Humo mna galaksi ndogo, Tucana II, iliyogunduliwa mwaka 2015. Usijisumbue kuitafuta kwa macho. Iko zaidi ya miaka ya nuru 150,000 kutoka hapa, na ni hafifu mno. Galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100. Mwanga wote wa Tucana II haufikii ule wa majua elfu kumi.

Basi wataalamu wa falaki wanahangaikia nini kitu kidogo namna hii? Kwa maoni yangu, jibu liko pembeni mwake.

Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Anirudh Chiti walitangaza kwamba wameziona nyota za Tucana II mbali sana na kitovu chake, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuzikuta. Kazi haikuwa rahisi, kwani nyota za galaksi yetu zimetapakaa mbele yake na kuificha. Walianza na darubini ya SkyMapper iliyoko Australia, wakachuja nyota zenye metali kidogo. Nyota za namna hiyo ni za kale, zilizozaliwa kabla ya vizazi vingi vya nyota kulipuka na kusambaza chuma na kalisi angani. Kisha, kwa darubini za Magellan kule Chile, wakapima mwendo wa kila moja. Zile zilizokwenda kwa kasi moja na galaksi yenyewe zikahesabiwa kuwa za ukoo wake.

Ukiona mashua imetulia penye mkondo mkali, hata kama kamba huioni, unajua chini kuna nanga nzito. Nyota hizo za pembeni ni vivyo hivyo. Zingeachwa na nyota chache za katikati pekee kuzishika, zingekwisha kupotea zamani. Kuwepo kwake kunaonyesha kuna uzito mwingine, usiotoa mwanga wowote, unaoenea mbali kuliko nyota zenyewe. Wataalamu huuita maada ya giza.

Ingewezekana pia kwamba galaksi yetu kubwa inaichana ile ndogo na kuzivuta nyota zake nje. Lakini hapo zingejipanga kufuata njia ya safari yake, na hazikuonekana hivyo. Watafiti walitaja uwezekano mwingine: huenda Tucana II ilitokana na galaksi mbili ndogo zaidi zilizoungana zamani.

Maada ya giza ni nyingi kuliko maada tunayoijua, na hadi leo hakuna aliyeshika hata chembe yake mkononi. Mizani tuliyo nayo ni nyota zenyewe, na zile za pembeni ndizo zinazotuonyesha uzito huo umefika wapi.