Mshale Umelala, Ndai Inachemka

Cheki hii picha. Jumamosi saa nane mchana, niko Waiyaki Way kwa jam ya Kangemi, madirisha chini, ngoma juu. Kwa dashibodi kuna geji mpya ya joto inang'aa, nimeiweka juzi tu. Mshale umelala kwa C, baridi kabisa. Mbele yangu boneti inatoa moshi mweupe kama sufuria ya githeri. Jamaa wa boda akapita pole pole akanicheki. "Buda, chakula itaiva saa ngapi?"

Ndai yenyewe ni DX, ile Corolla KE70, injini ya 4K, cc 1290, kabureta. Haina kompyuta ya kulaumu. Mwenye aliniuzia alisema geji ya orijino ilikufa kitambo, na mimi nikazoea kuendesha na pua: nikiskia harufu tamu ya kulanti, napaki. Hiyo si maisha. Ndio nikashuka Grogan, ramani inaiita Kirinyaga Road, nikarudi na seti: geji, sensa, na adapta, karing ka aluminiamu kenye unaingiza katikati ya paipu ya juu ya rejeta. Fundi akakata paipu, akaweka adapta, akakaza klipu mbili, akachukua soo tano zake, akaishia.

Baada ya aibu ya Kangemi nilimpigia. Hakuuliza hata swali moja. "Hiyo geji ni feki, tuma ngiri mbili nikutafutie ingine." Nilikuwa nishashika simu nitume, mzae mmoja wa ploti yetu akanisimamisha. Huyu mzae alishika stiarini ya mat miaka mingi, saa hii kazi yake ni kuota jua kwa geti na kuharibia mafundi biashara.

"Mzae, hii geji imekufa."

"Imekufa aje na hujaiuliza kitu? Washa swichi. Usistati."

Akachomoa waya kwa kichwa ya sensa, akaigusisha kwa chuma tupu ya injini. Manze, mshale ukaruka mpaka H! Akautoa hapo hapo. Akanishow sekunde mbili zinatosha, ukiacha hapo unaweza choma kitu. Lakini jibu tushapata: geji iko fiti, fyuzi iko fiti, waya iko fiti. Mshale ungekataa kusonga, tungeingia chini ya dashibodi kutafuta wenye makosa. Sasa shida ilikuwa huku mbele, kwa sensa ama njia yake ya kurudi.

Na hapo ndio nilijua vile nilichezwa. Sensa za hii aina ziko na waya moja tu. Stima inaingia juu, inapita kwa tumbo ya sensa, inatokea kwa uzi zake ikiingia kwa chuma ya injini, kisha inarudi betri. Hiyo njia ya kurudi ndio makanika huita athi. Sensa ikipata joto, inaachilia stima ipite mingi, na mshale unapanda. Yangu ilikuwa imekaa kwa adapta, na adapta imelala katikati ya raba mbili kama mtoi kwa blanketi. Raba na stima haziongei. Sensa ilikuwa inaskia moto yote na haina mtu wa kuchapia.

Dawa ilikuwa waya ya futi moja. Upande mmoja kwa skrubu ndogo ya adapta, upande wa pili kwa bolti ya bodi, na kwanza mzae akapiga hiyo bodi msasa mpaka rangi ikatoka na chuma ikameta. Tukastati. Dakika chache, mshale ukaamka.

Nikadhani tumemaliza. Giza ikaingia, nikawasha taa, mshale ukapanda digrii kumi papo hapo. Nikazima, ukashuka. Injini haiwezi pata joto juu ya balbu! Kumbe jamaa wa soo tano alifunga athi ya geji pamoja na ya taa za dashibodi, kwa kaskrubu kenye kutu. Tukaipea bolti yake pekee yake, mchezo ukaisha.

Lakini nani ataamini geji yenye imemdanganya mara mbili? Asubuhi, injini ikiwa baridi, nikachomoa sensa, nikavuta waya ndefu, nikaifunga athi yake, nikazamisha ncha kwa sufuria ya mathe juu ya meko. (Mathe hajui hii stori, na mkimwambia sitawasamehe.) Maji ikachemka ikaruka. Mshale ukasimama kasoro kidogo 95.

"Iko chini na tano!"

"Kwani uko Mombasa?" mzae akacheka mpaka akakohoa. Nairo iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huku maji huchemka kwa digrii 94 na kitu. Geji ilikuwa inasema ukweli, mimi ndio nilikuwa na hesabu ya pwani. Ndio akashika kifuniko cha rejeta, akanionyesha presha yake, 0.9, imeandikwa juu, kisha raba ya chini imepasuka. Hiyo presha ndio hukandamiza maji isichemke mpaka karibu 115. Bila hiyo, jam moja ya Kangemi na uko jikoni. Kifuniko kipya kilikuwa bei ya chapo na madondo kwa siku chache. Na usikifungue injini ikiwa moto, hiyo maji itakutoa ngozi.

Ngori ya mwisho: kwa barabara ya wazi asubuhi, mshale ulikuwa unakaa 60 tu. Mwenye gari wa kwanza alitoa themostati akatupa, vile mafundi wengi huku husema Afrika iko na joto ya kutosha. Hiyo ni uongo tamu. Injini baridi hunywa mafuta kama ina harusi. Nikaweka ya digrii 82. Sasa mshale unalala kwanza, kisha themostati ikifunguka unaruka ghafla, juu sensa iko upande wa pili wa mlango. Mara ya kwanza nilipaki nikashuka mbio. Na maji ikiisha kabisa sensa inabaki kwa hewa, mshale unaweza hata shuka ukikuacha uungue, kwa hivyo kucheki maji kila asubuhi bado ni lazima.

Jumapili tukapanda kutoka Mai Mahiu, binamu yangu kando, malori yamejipanga. 88. 91. 95. Nikapunguza ngoma niskie injini. 97.

"Buda," binamu akasema, mkono kwa dashibodi, "hiyo lori imeshika breki."