Kengele ya Bweni Inaponyamaza

Katika shule nyingi za sekondari za bweni nchini Tanzania na Kenya, hasa zile zilizoanzishwa na makanisa, siku ya mwanafunzi Mkristo huanza na kumalizika kwa sala ambayo yeye mwenyewe hakuipanga. Kengele hulia kabla ya mapambazuko, kiranja hupita bwenini akiwaamsha wenzake, wimbo huimbwa na fungu la Biblia husomwa, na usiku, baada ya kipindi cha kujisomea, utaratibu huo hurudiwa kabla taa hazijazimwa. Kijana aliyeishi hivyo kwa miaka minne huonekana machoni pa wazazi, na hata machoni pa mchungaji au padre wake, kuwa amekwisha kujenga desturi ya kusoma Neno na kuomba kila siku. Lakini likizo inapofika, si ajabu kijana huyo huyo akakaa majuma mazima nyumbani bila kufungua Biblia, wala si kwa sababu imani yake imekufa, bali kwa sababu kilichokuwa kikimwinua kitandani ni kengele, nayo imebaki shuleni.

Tofauti kati ya ratiba na mazoea ndiyo kiini cha suala hili, na inafaa kuelezwa kwa uangalifu kwa kuwa walezi wengi huzichanganya. Ratiba ni mpango uliowekwa na mtu mwingine na kusimamiwa na mtu mwingine, ilhali mazoea ni tendo ambalo mtu amelirudia mara nyingi katika mazingira yale yale mpaka mazingira yenyewe yakawa ndiyo yanayomkumbusha kulitenda. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao waliwafuatilia watu 96 waliojitolea kuanza tendo moja jipya, kama vile kunywa maji au kufanya mazoezi mafupi ya mwili, kila siku kwa wakati au katika tukio lile lile, kwa muda wa majuma 12. Kwa wastani tendo lilihitaji siku 66 kabla ya kufanyika karibu lenyewe, ingawa makadirio ya mtu mmoja mmoja yalitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi siku 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Utafiti huo haukuhusu sala, na sala si sawa na bilauri ya maji. Hata hivyo anayesali ni mwanadamu yule yule, mwenye mwili unaochoka na akili inayosahau, na ni vema kujua jinsi mwili na akili hiyo vinavyojifunza.

Jambo ambalo wanasaikolojia wamelipima kwa takwimu, yaani kulifunga tendo jipya kwenye tukio ambalo tayari hutokea kila siku, halikuwa geni kwa watu wa Biblia. Sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati inawaagiza wazazi wa Israeli kuzungumza na watoto wao habari za amri za Mungu wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka, na msomaji makini ataona kwamba nyakati hizo nne hazihitaji saa wala kengele, kwa sababu kila mtu huketi, hutembea, hulala na huamka. Danieli, akiwa ugenini Babeli, aliomba mara tatu kwa siku katika chumba kile kile, madirisha yakiwa yameelekea Yerusalemu. Martin Luther naye, alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, kitabu ambacho hadi leo hutumika kufundishia vijana wa kipaimara katika makanisa ya Kilutheri, aliweka humo sala ya kusaliwa mtu anapotoka kitandani na nyingine ya kusaliwa anapokwenda kulala, kisha akaelekeza kwamba baada ya ile ya asubuhi mtu aende kazini kwa furaha, na baada ya ile ya jioni alale mara moja kwa moyo mchangamfu. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu kizima juu ya namna rahisi ya kuomba, na humo alimwonya juu ya ile fikra inayomjia kila mtu, ya kwamba sala ingoje kidogo mpaka shughuli hii iishe, kwa kuwa shughuli moja huvuta nyingine na siku ikaisha bila sala.

Onyo hilo lingeweza kuandikwa leo kwa ajili ya kijana wa miaka 16 mwenye simu mkononi. Kwa hiyo shauri la kwanza la kumpa si kwamba aombe zaidi, bali kwamba achague tukio moja la siku yake na kulifunga na sala: kabla ya kuoga, baada ya kuteka maji, mara tu anaporudi kutoka kisimani au dukani, baada ya chakula cha usiku. Kijana wa kike ambaye asubuhi yake yote imejaa kufagia uwanja, kuwasha moto na kuwaandaa wadogo zake hawezi kuambiwa kwamba saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa takatifu kuliko zote, na mlezi anayemwambia hivyo humpa mzigo badala ya msaada. Ni kweli kwamba Injili ya Marko inasimulia Yesu akiamka kabla ya mapambazuko na kwenda mahali pasipo na watu ili aombe, lakini Injili hiyo hiyo inamwonyesha pia akiomba jioni mlimani na usiku bustanini.

Shauri la pili linahusu kiasi cha kusoma, na hapa hesabu husaidia. Biblia inayotumiwa na Waprotestanti ina vitabu 66 vyenye sura 1,189, na ile ya Wakatoliki ina vitabu 73, kwa kuwa huhesabu pia vitabu vya deuterokanoni, yaani vile vilivyokubaliwa katika kanuni ya pili, kama Tobiti na Hekima ya Sulemani. Kijana anayeazimia siku ya mwaka mpya kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja hulazimika kusoma zaidi ya sura tatu kila siku. Akianzia Mwanzo, chenye sura 50, kisha Kutoka, chenye sura 40, mwisho wa Januari atakuwa amefika Mambo ya Walawi, kitabu cha sheria za dhabihu, ukoma na unajisi, ambacho kina utajiri wake lakini kinahitaji mwalimu. Maazimio mengi ya Januari huzikwa hapo, na kijana hubaki akiamini kwamba yeye si mtu wa kusoma Biblia, kumbe alianzia mlango mgumu peke yake.

Njia nyepesi ipo. Injili ya Marko ina sura 16, kwa hiyo husomeka kwa majuma mawili na siku chache kwa sura moja kila siku, na ni masimulizi yanayokwenda kasi, jambo linalowafaa vijana. Mithali ina sura 31, hivyo kila tarehe ya mwezi mrefu ina sura yake, na kijana aliyeruka tarehe 9 hana haja ya kurudi nyuma, kwa sababu tarehe 10 ina sura ya kumi inayomngoja. Agano Jipya lote lina sura 260, maana yake anayesoma sura moja kwa siku tano za juma, akipumzika siku mbili, hulimaliza kwa majuma 52 kamili. Zipo pia taratibu ambazo makanisa yenyewe yameziandaa tangu zamani, kama masomo ya Misa ya kila siku kwa Wakatoliki, na mafungu ya kila siku ya Wamoravian, desturi iliyoanza Herrnhut nchini Ujerumani mwaka 1728 na kuchapishwa kama kitabu kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 1731.

Kikwazo kisichotajwa mara nyingi ni lugha. Tafsiri ya Biblia iliyoenea zaidi makanisani, Union Version ya mwaka 1952, imeandikwa kwa Kiswahili chenye fahari ambacho kimeijenga lugha ya sala ya vizazi kadhaa, lakini kijana wa leo hukutana humo na maneno kama dhabihu, fadhili na kicho, pamoja na vitenzi vya namna ya "yaja" badala ya "inakuja", na mara nyingi huona aibu kukiri kwamba hakuelewa. Katika sura ya nane ya Matendo ya Mitume, Filipo alimkuta towashi wa Kushi akisoma kitabu cha Isaya garini, akamuuliza kama anaelewa anachosoma, na yule mtu, aliyekuwa afisa mkubwa wa hazina, hakuona aibu kusema kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990 kwa Kiswahili cha kawaida, inafaa sana kusomwa sambamba na ile ya zamani, na inasikitisha kwamba wapo wazee wanaoihesabu kuwa Biblia ya watoto. Neno lisiloeleweka halijengi desturi. Huchosha tu macho.

Kuhusu namna ya kusoma, mapokeo ya Kikristo yameacha hazina ambayo haipaswi kubaki mikononi mwa watawa peke yao. Katika karne ya 12 mtawa Guigo wa Pili, wa shirika la Wakartusi huko Ufaransa, aliifananisha safari hii na ngazi ya vipago vinne, yaani kusoma, kutafakari, kusali na kumtazama Mungu kwa utulivu, akaeleza kwamba kusoma ni kama kutia chakula kinywani na kutafakari ni kukitafuna. Kwa kijana, vipago hivyo vinaweza kuchukua dakika kumi na tano tu: asome aya chache mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini, achague neno moja lililomgusa au lililomsumbua na kulikalia kidogo, amwambie Mungu jambo linalotokana na neno hilo, kisha anyamaze. Daftari la kawaida la shule, lenye tarehe na sentensi mbili kila siku, humsaidia kuona baada ya miezi mitatu mambo aliyoyaomba na yaliyotokea.

Kuhusu sala yenyewe, Kiswahili kina maneno mawili yanayostahili kuangaliwa, kwa kuwa Wakatoliki hupenda kusema kusali, na Waprotestanti hupenda kusema kuomba. Neno la pili, likichukuliwa peke yake, laweza kumfanya kijana adhani kwamba kazi ya sala ni kupeleka orodha ya mahitaji, karo, mitihani na afya ya mama, ilhali Zaburi zina shukrani, toba, sifa na hata malalamiko. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu mara nne kwamba ni hadi lini, na Zaburi ya 88 inamalizika gizani bila faraja yoyote. Kijana aliyefiwa, au anayeishi katika nyumba yenye ugomvi, akigundua kwamba maneno kama hayo yamo ndani ya Biblia, hupata ruhusa ya kusali kwa kweli, na sala ya kweli hudumu kuliko sala ya kukariri iliyosemwa kwa woga.

Mazoea haya, ijapokuwa ni ya faragha, hayajengwi na mtu mmoja. Mwaka 1879 huko Uingereza umoja wa Scripture Union ulianza kwa kadi ndogo iliyowapa watoto mpango mmoja wa masomo ya kila siku, na nguvu ya kadi hiyo ilikuwa kwamba mtoto alijua wenzake wengi wanasoma fungu lile lile siku ile ile. Nchini Tanzania vyama vya wanafunzi kama UKWATA, TYCS na CASFETA vinaweza kufanya kazi hiyo hiyo wakati wa likizo, wakati ambao mikutano husimama na wanachama kutawanyika mikoani. Vijana watatu wanaotumiana ujumbe mmoja kwa siku, wakitaja sura waliyoisoma na jambo moja walilolipata, wameigeuza simu iliyokuwa mshindani wa sala kuwa mjumbe wake. Nyumbani nako, Timotheo aliyajua Maandiko tangu utotoni, na Paulo anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike kwa majina. Baba anayewaamuru watoto wasome Biblia wakati yeye hajawahi kuonekana ameishika huwafundisha kwamba hiyo ni kazi ya watoto. Wapo pia walezi wanaotoa kukariri sura kama adhabu ya utovu wa nidhamu, na hili ni kosa kubwa, kwa maana humfanya kijana aikumbuke Biblia kwa uchungu ule ule anaokumbuka nao kiboko.

Kwa upande wa Tanzania kuna kipindi kimoja kinachostahili kuangaliwa na kila usharika na kila parokia. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni Julai, hivyo kijana wa miaka 17 au 18 hukaa nyumbani takribani miezi saba bila kengele, bila kiranja na bila kipindi cha dini. Miezi saba ni zaidi ya siku 200, yaani ule wastani wa siku 66 ukirudiwa mara tatu. Injili nne zina sura 89 na Matendo ya Mitume yana 28, jumla 117, ambazo kwa sura moja kila siku humalizika kabla ya miezi minne kutimia, na bado hubaki muda wa Zaburi na Waraka kwa Warumi. Katekista au mwinjilisti anayeandika majina ya vijana hao Jumapili ya kwanza baada ya mtihani, akawagawa watatu watatu kwa kufuata mitaa wanayoishi, akawapa Marko kuwa kitabu cha kwanza na kumkabidhi kila kundi kwa mama au baba mmoja wa kanisa atakayewauliza mara moja kwa juma wamefika wapi, hahitaji bajeti wala semina. Anahitaji daftari, kalamu na kuianza kazi hiyo Novemba, kabla vijana hawajazoea asubuhi zisizo na sala.