Stima zikipotea: usiuziwe sola ya mapambo

UNAIKUMBUKA Agosti 25, 2023? Stima zilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Simu ikizima siku kama hiyo, M-Pesa nayo imezima. Nauli ya matatu utalipa na nini?

Ndiyo maana vijana wengi wanasaka chaja ya sola. Lakini tulia kwanza kabla hujatoa pesa.

Ile pawabenki yenye kipaneli mgongoni inavutia, ila kipaneli chenyewe hutoa wati moja hivi tu. Pawabenki ya mAh 10,000 hubeba takriban wati-saa 37. Piga hesabu: utaianika karibu wiki nzima ndipo ijae.

Afadhali vitu viwili: paneli ya kukunja ya wati 10 au zaidi, na pawabenki ya kawaida. Jua likiwaka vizuri, itajaa kwa siku moja au mbili. Simu ya mAh 5,000 usitarajie kuichaji mara mbili, maana nguvu nyingine hupotea njiani. Ni mara moja na kidogo.

Dukani, usidanganywe na namba za kartoni. mAh 50,000 kwenye kidude chepesi kama simu? Huo ni uongo. Itisha risiti na waranti, kisha uijaribu juani hapo nje.

Nyumbani, anika paneli nje, si nyuma ya kioo cha dirisha. Pawabenki ikae kivulini, joto huua betri. Na msimu wa mvua usingoje jua: ijaze stima zikiwepo.