Joan Root: kutoka nyuma ya kamera hadi kulinda Ziwa Naivasha

Wakazi wengi wa Naivasha wamelisikia jina la Joan Root kwa sababu ya jinsi alivyouawa, Januari 2006. Kazi yake haijulikani sana, ingawa filamu alizoshiriki kuzitengeneza zilitazamwa Uingereza, Marekani na kwingineko, na makao yake yalikuwa hapa kando ya ziwa letu.

Joan alizaliwa Nairobi mwaka wa 1936, binti wa mkulima wa kahawa. Mwaka wa 1961 aliolewa na Alan Root, mpiga filamu za wanyamapori, na miaka miwili baadaye wakahamia shamba lao la Naivasha, linaloitwa Kilimandege. Mara nyingi Alan ndiye aliyeshika kamera. Joan alipanga safari, akahesabu mafuta na chakula cha miezi porini, akalea wanyama yatima, na palipohitajika mtu wa kusimama mbele ya hatari, akasimama yeye. Ili nyoka aina ya swila apigwe picha akitema sumu, Joan alivaa miwani akajiweka mbele yake, na sumu ikatua kwenye vioo. Sifa nyingi zilimwendea mwenye kamera, lakini mtu yeyote aliyewahi kuandaa safari ya wiki moja tu anajua kazi hiyo nyingine ina uzito gani.

Mtindo wao ulikuwa kumfuata kiumbe mmoja, au mahali pamoja, hadi waelewe panaishije. Filamu yao ya kichuguu, "Mysterious Castles of Clay" ya 1978, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ilionyesha jinsi mchwa wanavyojenga na kuishi ndani ya ngome yao ya udongo. Kabla ya hapo walikuwa wamezama katika chemchemi ya Mzima, Kaunti ya Taita Taveta, kuwapiga picha viboko wakitembea chini ya maji. Waliporudi huko mwaka wa 1974, kiboko mmoja aliwashambulia: jino lake lilipiga barakoa ya kuzamia ya Joan, kisha akamng'ata Alan mguuni.

Somo la Mzima linatuhusu moja kwa moja. Usiku kiboko hula nyasi nchi kavu, na mchana hurudi majini na kuacha kinyesi humo. Wadudu na samaki wadogo hula kinyesi hicho, nao huliwa na samaki wakubwa, ndege na mamba. Ukiondoa nyasi za ukingoni, unaanza kuwapunguza samaki bila hata kutupa wavu. Viboko wetu wa Naivasha hufanya kazi hiyo hiyo kila usiku, ingawa sisi twawaona tu kama wanyama wa kuharibu mashamba.

Joan alipoachana na mumewe alibaki Naivasha, na hapo ndipo ziwa lenyewe likawa kazi yake. Ziwa hili hupata maji yake hasa kutoka mito Malewa na Gilgil, na halina mto unaotoka. Maji hupenyeza chini ya ardhi, ndiyo maana hayana chumvi kama ya Nakuru au Elementaita. Mafunjo ya ukingoni huchuja tope na mbolea kutoka mashambani, na samaki huzaliana humo. Mashamba ya maua yalileta ajira kwa maelfu ya watu, na pamoja nayo mji ulikua haraka. Mafunjo yakakatwa, na nyavu za matundu madogo zikazidi, zikivua samaki kabla hawajazaa. Mwaka wa 2001 uvuvi ulisimamishwa ili samaki waongezeke.

Ni wakati huo ambapo Joan aliunga mkono, kwa pesa zake, kikosi cha kuzuia uvuvi haramu. Baadhi ya waliokiunda walikuwa wenyewe wakivua bila leseni hapo awali. Nyavu zilinaswa na kuchomwa. Kwa mvuvi ambaye wavu ule ulikuwa unga wa jioni, hilo lilikuwa jambo chungu, na si haki kusimulia kisa hiki bila kumtaja.

Usiku wa Januari 13, 2006, watu wenye silaha walimuua Joan nyumbani kwake. Wanaume wanne walishtakiwa, na mwaka wa 2007 mahakama ikawaachilia huru.

Leo jukumu la kulinda samaki liko pia mikononi mwa wavuvi wenyewe, kupitia vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU). Ukiona wavu wa matundu madogo, au mtu akikata au kuchoma mafunjo, mjulishe afisa wa BMU wa ufuo wako au ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe. Usimkabili mhusika peke yako.