Kung'arisha Boti Iliyotelekezwa: Ngozi Yake na Hesabu ya Bei

Katika fukwe nyingi za pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Msasani, Mafia na Mtwara, huonekana boti za faiba zilizokokotwa juu ya mchanga na kusahauliwa. Zilipokuwa mpya ziling'aa hata mtu akaweza kuiona sura yake ubavuni mwake. Sasa zimefifia, zina mstari wa rangi ya chai mahali maji yalipokuwa yakifikia, na ukizipapasa kiganja hutoka na unga mweupe kama wa chaki. Mwenye boti akiamua kuiuza au kuirudisha kazini humwita fundi na kumwuliza swali moja: "Utaifanya kwa kiasi gani?" Fundi huizunguka mara moja, kisha hutaja bei. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini bei hiyo haiwezi kujulikana kwa kutazama tu: kazi yote imo ndani ya tabaka lisilofikia unene wa milimita moja.

Boti ya faiba ni matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoshikamanishwa kwa utomvu wa kemikali uitwao poliesta. Nyuzi ndizo zinazotoa nguvu. Juu yake kuna tabaka jingine la poliesta lisilo na nyuzi, lenye rangi, ambalo tutaliita jelikoti. Hili ndilo ngozi ya boti. Unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita, sawa na nywele saba za kichwani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Weupe wake hutokana na chembe ndogo sana za oksidi ya titani zilizotawanywa ndani ya poliesta.

Poliesta ni minyororo mirefu ya molekuli. Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, yaani ile ya urujuanimno, ina nishati ya kutosha kuvunja baadhi ya viungo vya minyororo hiyo, na oksijeni ya hewa huingia mahali palipovunjika. Minyororo hufupika, poliesta ya juu humomonyoka, na chembe za titani zilizokuwa zimefungwa humo hubaki wazi. Huo ndio unga unaobaki kiganjani. Vitabu vingi vya utunzaji wa boti vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako boti hufunikwa turubai miezi yote ya kipupwe. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua halina likizo, na ratiba za vitabu hivyo hazifai kuigwa bila kufikiri.

Mng'ao wenyewe ni suala la fizikia. Uso laini huurudisha mwanga kwa pembe ile ile uliyoingilia, nasi huona taswira. Uso wenye mabonde na vilima huutawanya mwanga kila upande, nasi huona weupe mtupu. Kipimo cha ulaini ni urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, ambao ni kati ya mikromita 0.4 na 0.7, mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mikwaruzo ikiwa midogo sana kuliko hapo, mwanga hauitambui.

Kutokana na jambo hili hutokea hila moja ambayo msomaji anafaa kuijua. Mwagia maji boti iliyofifia, nayo itang'aa papo hapo kama mpya. Maji yamejaza mabonde, na kwa kuwa kipeo chake cha kupinda mwanga (1.33) kiko karibu zaidi na kile cha poliesta (kama 1.5) kuliko kile cha hewa (1.00), mwanga hautawanyiki sana. Mafuta, ambayo kipeo chake hukaribia 1.47, hufanya vizuri zaidi, na hayakauki upesi. Kwa hiyo atakayenunua boti na aikague ikiwa kavu, baada ya kuoshwa kwa sabuni. Fundi naye anaweza kuitumia hila hiyo kwa wema: rangi aionayo boti ikiwa imelowa humwonyesha kwa makadirio namna itakavyokuwa kazi ikikamilika.

Kazi huanza kwa maji baridi na sabuni, kuondoa chumvi na mchanga, kwani chembe ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa itachora mkwaruzo mpya. Mstari wa rangi ya chai hautoki kwa sabuni. Sehemu ya rangi hiyo ni chuma kilichoungana na oksijeni, na dawa yake ni asidi ya oksali, ambayo huishika atomi ya chuma na kuifanya iyeyuke katika maji. Asidi hii imo kwa kiasi kidogo hata katika mchicha, lakini ile ya dukani ni sumu. Ivaliwe glavu na miwani, wala isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Kisha unakuja msasa. Wazee wetu waliujua msasa kama mti kabla ya kuujua kama karatasi: majani yake ya kukwaruza yalitumika kulainishia mbao. Msasa wa karatasi hupewa namba, na namba ikiwa kubwa chembe zake ni ndogo. Katika vipimo vya Ulaya, msasa wa P400 una chembe za mikromita 35 hivi, wa P1000 mikromita 18, na wa P2000 mikromita 10. Kila hatua hufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia na kuacha yake iliyo midogo zaidi. Newton alilieleza hili katika kitabu chake cha elimu ya mwanga cha mwaka 1704: kung'arisha kioo si kuondoa mikwaruzo, bali ni kuifanya iwe midogo hadi jicho lishindwe kuiona. Hata P2000 bado ni mbaya kwa mwanga, na ndiyo sababu kazi humalizwa kwa kampaundi, ile dawa nzito yenye unga laini ambayo mafundi wa rangi za magari huitumia. Msasa utumike pamoja na maji, ili vumbi lisipae na uso usipate joto.

Hapa ndipo penye hatari. Kung'arisha ni kupunguza. Fundi anayeanza na msasa mkali mahali ambapo kampaundi peke yake ingetosha anatumia bure ngozi isiyorudi. Akiimaliza, rangi ya nyuzi itaonekana kama kivuli, hasa kwenye kona na kingo ambako jelikoti huwa nyembamba, na hapo hakuna mng'arisho utakaofaa. Itabidi kupaka rangi upya. Nta hupakwa mwisho. Haiongezi ngozi wala haifuti mkwaruzo. Kazi yake ni kuzuia maji na uchafu, nayo huisha baada ya miezi michache.

Chini ya mstari wa maji yafaa kuwa mwangalifu zaidi, kwani huko boti nyingi zina rangi za kuzuia viumbe wa baharini kuganda. Nyingi zina shaba. Za zamani huenda zikawa na misombo ya bati, ambayo katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa iliharibu magamba ya chaza hata serikali ikaipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa ulioikataza ulianza kutumika mwaka 2008. Rangi hizi zisisuguliwe kavu, na takataka zake zisiachwe pwani.

Sasa turudi kwenye bei. Fundi achague kipande cha nusu mita ya mraba, mahali palipoharibika kwa wastani, akifanye hatua zote, naye ashike saa. Tuseme amechukua dakika 30. Basi mita moja ya mraba ni saa moja. Boti yetu ina urefu wa mita 7, na kimo cha ubavu juu ya maji ni mita 0.9. Mbavu mbili ni mita za mraba 12.6, na nyuma tuseme 1.4, jumla 14, yaani saa 14. Sitahani pana mita za mraba 6 za kung'arisha, lakini kona nyingi huongeza muda mara moja na nusu: saa 9. Jumla ni saa 23, na tukiongeza sehemu moja ya tano kwa kuandaa na kusafisha, tunapata karibu saa 28. Kama saa moja ni shilingi 5,000, ujira ni shilingi 140,000; vifaa vikiwa shilingi 60,000, gharama ni 200,000 kabla ya faida.

Wengi hutoza kwa urefu, na hapo ndipo wanapopata hasara. Boti ya mita 14 yenye umbo lile lile haina eneo mara mbili bali mara nne, kwa kuwa eneo hufuata mraba wa urefu. Anayetoza mara mbili atafanya nusu ya kazi hiyo bila malipo.

Saa hizo zihesabiwe pamoja na mwezi. Boti iliyopandishwa juu kabisa ufukweni wakati wa bamvua haitaelea tena maji yakipungua nguvu. Mafundi wawili wakifanya kazi saa 7 kwa siku, saa 28 ni siku mbili, nao watawahi. Fundi mmoja ni siku nne, na akichelewa kidogo tu atangoja bamvua ijayo, kama majuma mawili, huku boti ikilipiwa ulinzi.

Mwalimu asiye na boti anaweza kutumia kifuniko cha plastiki cha taa ya gari kilichofifia, kinachopatikana gereji. Agawe uso wake sehemu nne: ya kwanza iachwe, ya pili isuguliwe kwa P1000 na maji, ya tatu kwa P1000 kisha P2000, ya nne kwa zote mbili kisha dawa ya meno. Wanafunzi watazame taswira ya dirisha katika kila sehemu. Kisha sehemu ya kwanza ipakwe tone la mafuta ya nazi, itazamwe, ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, na itazamwe tena.