Tundu ni moja, mwendo si mmoja: jinsi ya kuchagua na kutunza diski na jiwe la grainda

Kama unaishi Katwe, Nsambya au Kisenyi na kazi yako ni chuma, huenda leo umeshika grainda kabla hujanywa chai. Makala haya ni kwa ajili yako, na pia kwa ajili yako wewe unayejifunza kuchomelea kwa matumaini ya kupata karakana. Yanaeleza kile kinachozunguka mbele ya macho yako siku nzima: jinsi kilivyotengenezwa, jinsi ya kukichagua unapochonga ukingo wa mshazari, na jinsi ya kukitunza kisije kupasuka.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuandika habari, na nilikwenda Katwe kwa jambo jingine kabisa. Kwenye meza ya karakana moja niliona diski mbili, moja ya nchi 4 na nusu na nyingine ya nchi 9. Kando yake kulikuwa na grainda ndogo isiyo na kava. Nilimuuliza kijana mmoja kutoka Kivu Kusini kwa nini kava imeng'olewa. Alinijibu bila kuficha: diski kubwa haiingii kava ikiwepo, na diski kubwa inadumu zaidi.

Kuhusu kudumu, alikuwa sahihi. Hatari iko mahali ambapo jicho halioni. Diski ya nchi 4 na nusu na ile ya nchi 9 zina tundu la katikati la ukubwa uleule, milimita 22.23. Ukiweka ile kubwa kwenye grainda ndogo, inakaa sawasawa na nati inafunga vizuri. Mashine haikukatazi. Kinachokukataza ni kava peke yake, na ndiyo hiyo imetupwa pembeni.

Sasa fanya hesabu. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 115, yaani nchi 4 na nusu, imetengenezwa kuvumilia hadi mizunguko 13,300, kwa hiyo iko salama. Diski ya milimita 230, yaani nchi 9, mwisho wake ni karibu mizunguko 6,600 tu. Ukiifunga kwenye mashine ya mizunguko 11,000, ukingo wake unakimbia mita 132 kwa sekunde, karibu kilomita 480 kwa saa, wakati kikomo chake ni mita 80 kwa sekunde. Nguvu inayovuta diski ipasuke haiongezeki kwa kiasi hichohicho. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Kwa mfano huu, diski inabeba mzigo wa zaidi ya mara mbili na nusu ya kikomo chake. Inaweza kuvumilia leo na kesho. Keshokutwa ikigusa kona ya bamba kidogo tu, vipande vyake vinaruka, na uso wako uko kwenye mstari huohuo.

Diski imetengenezwa na nini?

Ukiitazama kwa karibu utaona punje ngumu kama mchanga, gundi inayozishika, na nafasi ndogo za hewa katikati. Kila punje ni kama patasi ndogo sana. Inakata unyuzi mdogo wa chuma, na zile cheche unazoona ni nyuzi hizo zikiungua hewani. Punje ikichoka na kuwa butu, inapaswa kuvunjika au kung'oka ili punje mpya yenye makali ishike kazi. Diski nzuri basi ni ile inayoisha kwa mpango. Diski isiyoisha kabisa ni ile iliyoacha kukata.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipokea kinyume. Kwa chuma kigumu, kama makali ya keekee au patasi iliyopikwa, unatumia jiwe laini. Kwa chuma laini, unatumia jiwe gumu. Chuma kigumu hufanya punje ziwe butu haraka, kwa hiyo unahitaji gundi inayoziachia mapema. Ukitumia jiwe gumu hapo, punje butu hubaki zimeshikiliwa, zinasugua badala ya kukata, na chombo chako kinaungua.

Haya yote yameandikwa kwenye karatasi ya diski, lakini kwa herufi ambazo mtu wa dukani hakuelezi. Chukua mfano wa A 24 R BF. A ni aina ya punje, oksidi ya alumini, ya kazi za chuma cha kawaida. Ukiona C, hiyo ni kabidi ya silikoni, ya mawe, vigae na zege. Namba 24 ni ukubwa wa punje: namba ndogo ni punje kubwa zinazokula haraka na kuacha mikwaruzo, namba kubwa kama 60 au 80 ni punje ndogo zinazoacha ukingo laini. R ni ugumu, ambao huhesabiwa kutoka A, laini kabisa, hadi Z. BF ni gundi ya rezini iliyoimarishwa kwa wavu wa nyuzi. Jiwe la mashine ya mezani kwa kawaida lina herufi V, maana yake gundi yake imechomwa kama chombo cha kauri. Ni zuri kwa kunoa, lakini lina tabia ya kauri pia: likianguka, hupata ufa.

Angalia pia pete ya chuma katikati ya diski ya rezini. Mara nyingi utaona V, kisha mwezi na mwaka. Hiyo V haihusu gundi, ni tarehe ya mwisho ya kutumia. Rezini hunyonya unyevu na kudhoofika, ndiyo maana diski hupewa miaka 3 tangu kutengenezwa. Diski iliyolala kwenye banda linalovuja msimu mzima wa mvua haifai kuaminiwa hata kama tarehe haijafika. Kama karatasi imechanika na huwezi kusoma mwendo wake, usiinunue, hata ukipunguziwa bei.

Kuchonga V kabla ya kuchomelea

Kwa bamba jembamba la mlango au dirisha huna haja ya mshazari. Lakini bamba likifika milimita 6 na kuendelea, kama la trela au miguu ya mashine ya kusaga mahindi, moto wa kuchomelea upande mmoja haufiki chini. Juu unaona mshono mzuri, ndani kuna mwanya. Unapunguza kila ukingo kwa takriban digrii 30, mabamba mawili yakikutana yanaunda V ya digrii 60. Usichonge mpaka chini kabisa ukaacha makali kama ya kisu. Acha sehemu bapa ya milimita 1 hadi 2, la sivyo moto utatoboa.

Kwa kazi hii tumia diski ya kusagia, ile nene ya karibu milimita 6 yenye kitovu kilichobonyea, ambayo ndugu zetu wa Bukavu na Goma huiita meule. Ilaze kwenye chuma kwa digrii 20 hadi 30, uivute kwa mwendo mrefu bila kuikandamiza. Usitumie ubavu wa diski ya kukatia. Ile ina unene wa milimita 1 hadi 3, na imeundwa kubeba nguvu kutoka ukingoni tu. Ukiipinda kwa ubavu, wavu wa ndani unaanza kukatika bila wewe kujua. Nimeambiwa mara nyingi kwamba "kila mtu anafanya hivyo", na ni kweli nimeona wengi wakifanya. Diski iliyotumiwa hivyo huenda isipasuke siku ile, ikapasuka mikononi mwa mwenzako atakayeichukua kesho.

Jiwe la mezani na makali ya vyombo

Tindo ya kukatia chuma inataka makali manene, digrii 60 hadi 70, ili yasivunjike. Patasi ya seremala hutosha digrii 25 hadi 30. Ncha ya keekee ya kawaida ni 118 kwa jumla ya pande zote mbili. Ukikosea, chombo kinakuambia: makali membamba mno hukatika, manene mno hukataa kuingia. Kwa mikasi ya mafundi cherehani, ambayo huletwa sana kwa watu wa grainda, chonga upande wa mshazari tu. Ule upande wa ndani ambapo makali mawili hukutana usiuguse kwa jiwe. Ukiuharibu, mkasi unatafuna kitambaa badala ya kukikata, na mama wa watu amepoteza chombo chake cha kazi.

Shika kwa muda mfupi, chovya kwenye maji, rudia. Chuma cha makali kikianza kuwa na rangi ya majani makavu, kimefika kama digrii 230 za selsiasi. Kikifika buluu kimevuka takriban 300, na ugumu wake umepungua pale. Hakuna jiwe litakaloweza kuurudisha. Itabidi usage mpaka umalize sehemu yote ya buluu.

Jiwe huharibika kwa njia mbili. Linaweza kung'aa kama kioo, kwa sababu punje zimekuwa butu bila kuachia. Au linaweza kujaa, hasa mtu aliponoa alumini au shaba na vyuma hivyo laini vikaziba nafasi za hewa. Jiwe lililojaa hupata joto bila mpango, na joto hilo linaweza kulipasua. Dawa yake ni kulichuna uso kwa kichunio cha magurudumu ya nyota au cha almasi, ukipita polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka liwe na uso bapa na mviringo kamili. Mashine inayotikisika mara nyingi haina ugonjwa wowote ila jiwe lisilo la mviringo. Baada ya kuchuna, sogeza tena egemeo la chombo. Pengo kati ya egemeo na jiwe lisizidi milimita 3, kwa sababu pengo kubwa ndilo linalovuta tindo na vidole kwenda chini.

Kabla ya kufunga jiwe jipya la kauri, lining'inize kwenye kidole na uligonge taratibu kwa mpini wa mbao. Jiwe zima hulia kama bakuli, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Diski za rezini hazilii hivyo, zenyewe kagua kwa macho. Weka zile karatasi za duara pande zote mbili za jiwe, usizitupe, kwani ndizo zinazosambaza mbano wa nati. Vibano vya pande mbili viwe na ukubwa sawa. Kisha washa, simama kando, na uache lizunguke dakika moja bila kazi.

Neno kwa mafundi wanaojitengenezea mashine kwa mota za chakavu. Nawavulia kofia, lakini pimeni mwendo kwanza. Kwa umeme wa Uganda mota nyingi huzunguka karibu mara 1,450 au 2,900 kwa dakika. Jiwe la nchi 8 likifungwa moja kwa moja kwenye mota ya 2,900 linakwenda kama mita 30 kwa sekunde, na mawe mengi ya kauri yana kikomo cha karibu mita 35. Ukiongeza puli inayozidisha mwendo mara mbili, umevuka kikomo kwa mbali. Na mashine isiyo na kava ya chuma juu ya jiwe isiwashwe hata kwa majaribio.

Jambo jingine la Kampala: umeme ukikatika, zima swichi ya grainda na uchomoe waya. Umeme hurudi bila kubisha hodi, na grainda iliyoachwa sakafuni ikiwa imewashwa huruka yenyewe.

Ukiumia

Kipande kikiingia jichoni usisugue. Kikiwa kimechoma ndani usikitoe. Funika jicho kwa kitu kisicholigusa, kama kikombe cha karatasi, na nenda hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Mulago na ile ya Mengo zina vitengo vya macho. Mulago ni ya serikali, Mengo utatarajiwa kulipa. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa kwenye vituo vya serikali kama raia, beba kitambulisho chako.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kufanya kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Miwani ya kinga si zawadi ya bosi. Ukiumia ukiwa kazini kwa mtu, kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Mjulishe mwajiri mapema, kwa maandishi ukiweza, na akikataa kusikiliza nenda kwa afisa wa kazi wa KCCA. Katwe iko chini ya divisheni ya Makindye, Kisenyi iko divisheni ya kati. Omba hospitali ikuandikie ripoti. Na usiwaache wenzako wafagie karakana kabla hujapata picha ya mashine, vipande vya diski, na ile pete ya katikati yenye tarehe na mwendo.