Gari Lililonyanyuliwa: Tairi Linakwaruza Wapi, na Kishindo Kinatoka Wapi?

Barabara inayotoka Mazeras kupanda Rabai na kuendelea hadi Kaloleni ina lami, lakini anayekaa ndani ya Ruruma, Mwawesa au Ribe hafiki nyumbani kwa lami peke yake. Kuna mahali lazima aiache, ashike njia ya vumbi yenye mifereji iliyochimbwa na mvua na mawe yaliyojitokeza. Ndiyo maana Toyota Probox nyingi za upande huu hazikai kwenye kimo zilichotoka nacho Japani. Huwekewa spesa kwenye springi za mbele, springi nene zaidi nyuma, rimu za inchi 15 mahali pa 14, na tairi pana. Tumbo la gari haligongi mawe tena, na mwenyewe hufurahi. Wiki chache baadaye gari linaanza kulia.

Malalamiko huja kwa sura mbili. Dereva mmoja husema tairi linakwaruza, mwingine husema chini kunagonga. Mara nyingi jibu la gereji kwa yote mawili ni moja: badilisha shokapu. Mwenye gari analipa, anatembea siku mbili tatu, sauti inarudi. Inarudi kwa sababu shokapu ya zamani huenda haikuwa na ubovu wowote. Kilichobadilika ni nafasi ya kupanda na kushuka iliyobaki ndani yake, na shokapu mpya yenye urefu uleule haiongezi nafasi hiyo hata kidogo.

Hapa panafaa kutulia kidogo, maana mengi yanaanzia hapa. Gurudumu hupanda likipanda tuta na hushuka likiingia shimoni, na shokapu ndiyo inayoweka mpaka wa safari hiyo juu na chini. Chukua mfano wa gurudumu lenye safari ya milimita 160 kwa jumla. Gari likiwa limesimama bila mzigo, limebakiza milimita 80 za kupanda na 80 za kushuka. Sasa fundi anatia spesa kwenye springi, na bodi inanyanyuka kwa milimita 40. Safari haikurefuka, bado ni 160. Kilichotokea ni kwamba gurudumu sasa lina milimita 120 za kupanda na 40 tu za kushuka.

Matokeo yake ni mawili, na watu wengi hawayatarajii. La kwanza: gurudumu likidondoka kwenye shimo au likishuka nyuma ya tuta, shokapu hufika mwisho wa kutanuka mapema na kugonga kwa ndani, chuma kwa chuma. Kishindo hicho kina dalili yake: hakisikiki gurudumu linapopanda tuta, husikika linaposhuka. Dereva akilipita tuta moja polepole mara mbili, vioo vikiwa chini na redio ikiwa imezimwa, atajua. Kikitokea wakati wa kushuka tu, pesa za shokapu mpya za urefu uleule zitapotea bure. Dawa ni spesa fupi zaidi, au shokapu ndefu zilizotengenezwa kwa gari lililonyanyuliwa.

La pili linahusu tairi. Wengi huamini kuwa gari likiinuliwa, tairi kubwa litapata nafasi. Likiwa limesimama uwanjani, ni kweli. Mkono mzima unapita kati ya tairi na madigadi. Lakini spesa inayokaa kwenye springi haizuii shokapu kukandamizwa hadi mwisho. Pakia magunia ya nazi na madumu ya mnazi nyuma, ongeza abiria, kisha upite shimo kwa kasi: gurudumu litapanda hadi palepale lilipokuwa likifika kabla ya spesa kuwekwa. Kama tairi jipya ni kubwa kuliko la asili, litagusa. Ndiyo maana gari halikwaruzi likiwa gereji, lakini linakwaruza likirudi na mzigo.

Ukubwa wa tairi unaweza kuhesabiwa kwa kalamu kabla ya kununua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Probox zinazoshushwa bandarini Mombasa siku hizi ni za toleo lililofanyiwa mabadiliko mwaka 2014, ambalo hutumia tairi 155/80R14. Maana yake: upana milimita 155, ubavu asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 124, na rimu ya inchi 14. Jumla ya kimo chake ni takriban milimita 604. Anayehamia 195/65R15 anapata tairi la milimita 634 hivi. Juu limekaribia madigadi kwa milimita 15, na upana umeongezeka kwa 40. Hata spidomita hudanganya: ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari linakimbia takriban 105.

Rimu nayo ina namba yake, na hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi. Imeandikwa ET na tarakimu, mara nyingi upande wa ndani. Inaonyesha uso wa rimu unaobanwa na nati uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Tarakimu ikipungua, gurudumu zima linasogea nje. Mtu akitoa rimu ya upana wa inchi 6 yenye ET45 na kuweka ya inchi 7 yenye ET35, ukingo wa nje unatoka karibu milimita 23 na wa ndani unaingia 3 hivi. Milimita 23 zinatosha kabisa kulifanya tairi likate plastiki ya ndani ya madigadi kila usukani unapokunjwa. Rimu mbili zinaweza kufanana kwa rangi na tundu za nati, moja ikakaa vizuri na nyingine ikakwaruza.

Uwezo wa kubeba mzigo nao uangaliwe kabla ya sura. Tairi la asili la Probox ni la gari la mizigo, na namba yake ya mzigo ni 88, yaani kilo 560 kwa tairi moja. Tairi 175/70R14 la gari dogo la kawaida huwa na namba 84, yaani kilo 500. Ni pana zaidi kwa macho, lakini linabeba kilo 60 pungufu. Kwa gari la kupakia nazi, hilo ni jambo zito.

Kupata mahali tairi linapogusa hakuhitaji kompyuta. Fundi mwenye subira husafisha upande wa ndani wa madigadi kwa kitambaa chenye maji, akaupaka chaki ukingo wa tairi ndani na nje, kisha gari likapakiwa mzigo wake wa kawaida na kupelekwa njia lililozoea kulilia. Likirudi, anamulika kwa tochi. Palipoguswa, chaki imehamia au imefutika, na plastiki imeng'arishwa ikawa nyeusi yenye mng'ao. Kama mguso ni wa siku nyingi, unga mweusi wa mpira umejikusanya kwenye kona kama masizi ya koroboi.

Mahali pa alama panaeleza chanzo. Alama juu, katikati ya upinde wa madigadi, inatokana na mzigo au kimo cha tairi. Alama mbele au nyuma ya upinde, inayokuja usukani ukikunjwa, inatokana na upana au ET. Alama upande wa ndani, kwenye mguu wa shokapu au kikalio cha springi, ndiyo ya kuogopwa. Chuma hicho hukata ubavu wa tairi polepole, na ubavu hauna nyaya za chuma zilizo chini ya kashata. Tairi hupasuka ghafla, na kwenye ile miteremko ya kurudi Mazeras hakuna nafasi ya kusahihisha. Gari lenye alama hiyo lisirudi barabarani kabla ya kurekebishwa.

Kuna tiba mbili za haraka zinazopendwa lakini zinazofaa kuachwa kabisa. Moja ni kugonga madigadi kwa nyundo au kuikata plastiki ya ndani. Mguso wa nje huisha, lakini maji na matope sasa yanarushwa kwenye nyaya na bati tupu, na kutu ya hewa ya Pwani haichelewi. Nyingine ni kupachika vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi. Gari hunyanyuka kwa bei nafuu, ni kweli. Lakini mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, mzigo wote unaangukia ile iliyobaki, na siku moja springi inakatika.

Kishindo kisichofuata kanuni ya kushuka kina vyanzo vingine. Mbele ya Probox, kama ya magari mengi madogo ya Japani, kuna mfumo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson, mhandisi wa Ford, miaka ya 1940: shokapu na springi vimesimama pamoja, na vyote huzunguka usukani unapokunjwa. Kwa hiyo mlio wa kukwama unaosikika gari likiwa limesimama na usukani ukigeuzwa hutoka mara nyingi kwenye maunti ya juu au beringi yake. Fundi anashika springi kwa mkono huku mwenzake akigeuza usukani. Ikiruka ghafla badala ya kuzunguka taratibu, mshukiwa amepatikana. Kugongagonga kwepesi kwenye vijiwe kwa mwendo mdogo mara nyingi ni linki za stebilaiza. Kishindo kimoja kizito dereva anapokanyaga breki humpeleka fundi kwenye bushi za loa amu.

Bushi zinazolia kavu hukamatwa kwa maji. Mwagia bushi moja, tikisa bodi, sikiliza, kisha hamia nyingine. Ile ambayo mlio wake unanyamaza ikiwa imelowa ndiyo yenye shida. Isipakwe oili ya injini, maana oili huivimbisha na kuuozesha mpira wake. Na bolti za bushi zikishafunguliwa, zisikazwe mwisho gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Bushi ikikazwa hivyo hujipinda gari linapokanyaga ardhi, hubaki imepindika kutwa, kisha hulia na kuraruka kabla ya wakati wake. Zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Hili halina gharama yoyote, na gari linalonyanyuliwa linalihitaji zaidi kwa sababu kimo kipya kimeshabadilisha pembe za amu zote.

Pembe hizo huhitaji alaimenti mpya mara tu baada ya spesa kuwekwa au kupunguzwa, la sivyo tairi hulika upande mmoja na mlio wake huchanganywa na wa beringi. Draivshafti nazo hupinda zaidi kuliko zilivyokusudiwa, na mipira yake huchubuka kwenye mikunjo. Ikaguliwe kila gari linapooshwa. Mlio wa tak-tak-tak usukani ukiwa umekunjwa na mguu ukiwa kwenye mafuta unamaanisha vumbi limeshaingia kwenye jointi, na hapo grisi mpya haiiokoi. Hubadilishwa, na spesa hupunguzwa siku hiyohiyo ili mpira mpya usipasuke palepale.